Kwa Mama Robi wa Seli za Kando

Mama Robi, mama yangu wa Kehancha,

Sina anwani yako. Nimeulizia mpaka nimechoka. Mvua za El Nino zilipokwisha na barabara zikaanza kupitika tena, nilifunga cherehani nikaja kwenu Kehancha, nikazunguka soko zima nikiuliza kama kuna anayemfahamu Mama Robi aliyekuwa askari jela. Nilionyeshwa akina Mama Robi watatu. Wote walinikaribisha vizuri, hakuna aliyekuwa wewe. Muuza ndizi mmoja aliniambia, "Yule wa magereza alivuka mpaka, akamfuata binti yake huko Tarime." Mwenzake akakataa kabisa, akasema ulipelekwa kituo cha mbali na hukurudi tena nyumbani. Basi nimeona niiandike barua hii wazi, aisome anayetaka, maana huenda mmoja wa watakaoisoma anajua unapoishi.

Ninajua hutaipenda. Uliwahi kunikataza kukushukuru. Lakini mimi si mfungwa wako tena.

Wengine wanaosoma hawanijui, kwa hiyo niruhusu niseme kwanza nilivyofika mikononi mwako. Jina langu ni Akinyi, mzaliwa wa Karungu, fundi wa nguo. Niliolewa Rangwe. Mume wangu alipofariki, shemeji yangu alikuja na mkokoteni kuchukua cherehani niliyokuwa nimeinunua kabla sijaolewa. Nilikuwa nikipiga pasi nguo za shule. Nilimwambia aiache. Akacheka, akaikamata. Nikampiga usoni kwa pasi ya makaa. Alivunjika taya na kuungua shavu, na mpaka leo akila unamwona anatafuna upande mmoja. Sikukana mahakamani. Nilihukumiwa miaka miwili.

Gereza lenyewe silitaji kwa jina, wewe unalijua. Upande wa wanawake tulikuwa na wodi moja ndefu, mikeka imebanana kama dagaa wa omena walioanikwa juani. Aliyelala karibu nami alikuwa Adhiambo kutoka kisiwa cha Mfangano, mwanamke mwembamba aliyezoea kuchekesha watu. Alikuwa akikohoa. Mwanzoni tulisema ni baridi ya sakafu. Baadaye akaanza kukohoa damu, akaificha kwenye kitambaa, na mimi nikakiona. Katika wodi hiyohiyo kulikuwa na mama mwenye mtoto mchanga, na mtoto naye alikuwa ameanza kukohoa.

Tulikuwa tumeonywa kwamba daktari wa wilaya akija kutukagua, tumsalimie na tunyamaze. Mkuu wa upande wetu, tuliyemwita Madam Mkubwa, hakupenda aibu mbele ya wageni. Siku daktari alipokuja nilisimama kwenye mstari, nikasema kwa sauti, "Daktari, huyu dada anakohoa damu, na analala katikati yetu na mtoto." Daktari aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaniangalia, akaondoka. Gari lake lilikuwa bado halijapita geti niliposikia jina langu likiitwa.

Hivyo ndivyo nilivyopelekwa Kando. Sisi wafungwa tulipaita Kando tu. Askari waliandika "seli za kutengwa" kwenye vitabu vyao. Nyuma ya stoo ya kuni kulikuwa na milango minne ya chuma iliyofanana, ikitazamana na ukuta. Niliwekwa wa pili. Saa hiyohiyo nikasikia wa tatu unafunguliwa, na kikohozi cha Adhiambo kikiingia. Madam Mkubwa alisema nje ya mlango wangu, makusudi nisikie, "Si ulitaka atengwe? Basi ametengwa."

Mama, sijawahi kumwambia mtu nilivyojisikia siku zile mbili za kwanza. Wewe ulikuwa likizo. Aliyekuwa zamu alifungua mlango asubuhi, akasukuma uji, akafunga. Jioni vivyo hivyo. Sikutolewa nje hata mara moja. Sikuambiwa nimefungiwa siku ngapi wala kwa kosa gani. Nilihesabu mikwaruzo ukutani, nikaimba nyimbo zote za kanisa ninazozijua, kisha nikaanza kusikia watu wakiniita kwa jina na hawakuwepo. Na ukutani, upande wa pili, kile kikohozi. Kila alipokohoa niliona kama mimi ndiye niliyemtia kaburini kwa mdomo wangu.

Siku ya tatu ulikuja wewe.

Nakumbuka kwanza nilisikia kifuniko cha lile tundu dogo la mlangoni kikisogea, na jicho. Ukasema, "Habari ya asubuhi. Mimi naitwa Mama Robi. Hapa ni zamu yangu. Nafungua mlango sasa, kaa hapo ulipo." Nililia kwa sababu ya ile habari ya asubuhi. Ulifungua, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, sare imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe, na mkononi una kipande cha chaki. Ukatazama karatasi, ukageuka ukaandika upande wa ndani wa mlango wangu, kwa herufi kubwa: ADHABU. SIKU SABA. ZIMEBAKI TANO.

"Kosa langu ni nini?" nikauliza.

"Hapa wameandika uchochezi." Ukafikiri kidogo, ukaongeza chini kwa herufi ndogo: KUSEMA. "Hili unalielewa?"

"Nalielewa, madam."

"Basi simama. Sheria inasema saa moja nje kila siku. Umepoteza mbili, siwezi kukurudishia. Ya leo ni yako."

Nilikushika mkono nikakushukuru. Ukautoa mkono wako polepole, ukasema maneno ambayo mpaka leo nabishana nayo: "Usinishukuru. Ukinishukuru kwa haki yako, kesho mwingine atakunyima na utadhani alikuwa na ruhusa."

Kiwanja chenyewe kilikuwa hatua kumi na mbili kwa nane, nimekizunguka mara nyingi, sikosei. Ulikaa kwenye ngazi ukishona kifungo cha sare yako, vibaya sana, nikakuomba sindano nikukamilishie. Ukanipa. Kuanzia hapo tukawa tunazungumza. Wewe Mkuria, mimi Mjaluo, watu wetu wanaibiana ng'ombe tangu zamani, na Kiswahili chetu sote wawili kilikuwa cha kuazima. Wewe ulisema "kuku zangu" na mimi nikasema "mtu ingine", na hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Nilikuuliza kwa nini mtu alijenga nyumba mbaya kiasi kile. Ukakasirika kidogo, kama fundi aliyetukaniwa kazi yake. "Nyumba si mbaya," ukasema. "Njoo uone." Ukanionyesha jinsi mlango unavyofunguka kwenda nje, ili mtu akianguka nyuma yake bado aweze kufikiwa. Kitanda ni zege lililoungana na sakafu, kisipate mtu wa kukivunja akajidhuru au kumdhuru mwingine. Tundu la mlangoni ni la askari kumwona mtu na kumsalimia kabla hajafungua, "si la kumchungulia kama mnyama." Kuta zilipigwa chokaa ili mwanga kidogo uenee. Na juu kabisa, karibu na paa, dirisha la vyuma pasipofikika kwa mkono, la kuingiza hewa na mwanga.

"Aliyechora hii alikuwa na akili," ulisema. "Alijua kuna mtu lazima akae peke yake siku chache. Kuna mkorofi. Kuna mgonjwa ambaye ataambukiza wengine. Kuna anayetafutwa na wenzake wamuue. Kazi tatu tofauti, Akinyi. Shida ni kwamba milango inafanana. Askari akiwa mvivu anawafunga wote namna moja, na aliye ndani hajui yuko hapa kwa lipi. Ndiyo maana natembea na chaki."

Nikatazama mlango wa seli ya kwanza. Ulikuwa wazi. Ndani alikaa nyanya mmoja aliyeshtakiwa kwa uchawi huko kwao, na wanawake wa wodini walikuwa wameapa kumpiga. Yeye ulimwekea mkeka mlangoni, akasuka vikapu mchana kutwa. Kwenye mlango wake ulikuwa umeandika: ULINZI. SI ADHABU. Alikuwa hajui kusoma, lakini aliniambia unamsomea kila asubuhi.

Ndipo nikakuuliza kuhusu seli ya tatu. Tulikwenda nyuma ya jengo, ukanyoosha kidole juu. Seli ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa na madirisha. La tatu lilizibwa kwa matofali. Kulikuwa na mfungwa zamani aliyekuwa akipiga kelele mpaka zikasikika barabarani, na mkubwa mmoja akaamuru lizibwe. Mfungwa aliondoka, matofali yakabaki. Na katika seli zote nne, mgonjwa wa kifua alikuwa amepelekwa hiyo.

"Nimeandika mara tatu kwenye kitabu cha zamu," ulisema. "Kabla hata ya huyu dada yako. Nimeandika, seli namba tatu haina hewa, isitumike."

"Mhamishe basi ya nne."

"Ya nne imewekwa simenti na mabati ya Madam. Ufunguo anao yeye."

Siku iliyofuata Adhiambo hakula. Ulimtoa nje, ukamweka kwenye jua umemwegemeza ukutani, midomo imekuwa ya kijivu. Nilikuwa nimefungiwa wakati Madam Mkubwa alipowakuta pale, na nilisikia kila neno.

"Nani amesema huyu atolewe?"

"Mimi, madam. Mle ndani hakuna hewa."

"Ametengwa kwa amri. Mrudishe."

"Ametengwa kwa ugonjwa, madam. Mgonjwa wa kifua anatengwa na watu, hatengwi na hewa. Naomba ufunguo wa namba nne."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana. Mimi ndiye nitakayemkuta asubuhi."

Kisha Madam akasema, "Mrudishe ndani, au kesho ripoti ofisini na sare yako mkononi." Nikasikia komeo la seli ya tatu likirudi mahali pake, na wewe umesimama pale nje bila kutembea. Mama, nilikuchukia muda ule. Nilipiga mlango wangu kwa ngumi, nikakuita mwoga kwa Kijaluo na kwa Kiswahili. Ninaandika hili kwa sababu barua ya shukrani isiyosema hili ingekuwa ya uongo.

Kesho yake ilikuwa siku yangu ya tano. Saa sita mchana, jua la utosi, ulifungua mlango wangu. Ulikuwa na nyundo na tindo kutoka stoo ya karakana, umeviandika kwenye kitabu na kutia sahihi, kama unavyofanya kila jambo. Ukasema, "Hii ni saa yako ya nje. Unaweza kuzunguka kiwanja, au unaweza kunishikia benchi. Chagua mwenyewe, na ukichagua benchi, nitaandika kwamba nilikuamuru."

Nilishika benchi, nyuma ya jengo, chini ya lile dirisha lililozibwa. Ulivua kofia ya sare, ukaiweka mahali pasafi, ukapanda. Ulipiga tofali la kwanza kama mtu aliyekasirikia mbuyu. Halikutikisika. La pili hivyo hivyo. Nikakuambia upige kwenye saruji, si kwenye tofali, nilimwona baba yangu akibomoa choo. Ukacheka! Ni mara pekee niliyowahi kukusikia ukicheka. Ukapiga kwenye saruji, tofali likalegea, ukalivuta likaanguka nje, na vumbi likatoka kama jengo limepumua. Nyanya alikuja na kikapu chake, akaokota vipande bila kuambiwa. Matofali kumi na moja. Mkono wako ulichubuka ukawa unatiririsha damu kwenye kiwiko.

Ulipofungua mlango wa seli ya tatu, mwanga ulikuwa umeshafika kitandani. Adhiambo alikuwa amegeuza uso juu, macho wazi, vumbi kwenye kope. Akasema kwa sauti ndogo, "Ero yamo."

"Anasema nini?" ukauliza.

"Anasema, upepo ndio huu."

Ulisimama pale mlangoni. Kisha ukatoa chaki, ukaandika kwenye mlango wake: UGONJWA. MPAKA APONE. Ukaniambia saa yangu imekwisha.

Madam Mkubwa alikuja jioni ileile, na hukungoja aulize. Ulimwonyesha kitabu. Nafikiri kile kitabu ndicho kilichokuwa na nguvu, zaidi ya nyundo, kwa sababu yalikuwa yameandikwa mle yote: mara ulizoomba, tarehe, ufunguo uliokataliwa. Daktari wa wilaya aliporudi siku iliyofuata kufuatilia karatasi yake, alikuta mgonjwa ana hewa na kitabu kina maneno. Adhiambo alitolewa kwa machela. Mama mwenye mtoto naye alipelekwa hospitali na mwanawe, wakapimwa, wakaanzishiwa dawa mapema. Sote wa wodi tulipimwa. Na mkuu wa gereza alipofungua seli ya nne kuhesabu simenti iliyofichwa mle, Madam hakuonekana tena kwa wiki nzima.

Lakini wewe pia uliadhibiwa. Uharibifu wa jengo la serikali, walisema. Wiki mbili baadaye nilikuwa nikifagia karibu na geti nikakuona umevaa nguo za kiraia, kitambaa kichwani, sanduku la bati miguuni, unangoja gari la kukuchukua. Sikuwahi kukuona bila sare. Ulikuwa mama wa kawaida kabisa, ungepita sokoni Rangwe nisikutambue. Nikasema, "Madam, wanakupeleka wapi?" Ukasema, "Kuna seli kila mahali." Nilitaka kusema mengine, nyapara akaniita, na nilipogeuka gari lilikuwa limeondoka.

Sitakudanganya kwamba baada yako mambo yalinyooka. Aliyekuja nafasi yako hakutembea na chaki. Mlango wa nyanya ukaanza kufungwa mchana kutwa, na kila nilipopeleka kuni stoo nilimsalimia kwa sauti kubwa kupitia ukutani, ajue bado ni mtu. Alikuwa akiniitikia. Miezi minne baadaye kesi yake ilitupwa, wanawe wakaja kumchukua. Dirisha la seli ya tatu halikuzibwa tena. Waliweka vyuma na wavu, na nilipotoka gerezani nililitazama mara ya mwisho, shomoro walikuwa wametia majani ya kiota.

Adhiambo alipona, mama. Hujui hili, na ndilo jambo nililotaka ulijue kuliko yote. Alimeza dawa miezi mingi, akamalizia kifungo hospitalini, akarudi Mfangano. Sasa anauza samaki. Kila akivuka kuja bara ananitafuta, ananiletea mbuta mwenye kichwa kikubwa, tunakaa nyuma ya duka tunakula na kuchafua mikono, na anachekesha watu kama zamani. Akicheka sana anakohoa kidogo, kisha ananitazama anasema, "Usikimbilie kwa daktari, ni pilipili tu."

Nami niko Migori. Shemeji hakunirudishia cherehani, lakini nilianza kwa ya kukodi, kwenye baraza la duka la mfanyabiashara mmoja Mwislamu ambaye hakuniuliza nilitoka wapi. Leo nina chumba changu. Nina wasichana wawili ninaowafundisha. Wakikosea siwafokei kwanza, nawaambia wamekosea nini, na kitarekebishwa vipi, na lini tutalisahau kosa. Hawajui nilijifunza hilo kwenye mlango wa chuma.

Watu huniuliza kama sikasiriki. Nakasirika. Siku mbili zile za kwanza bado ninazo, na nikiwa peke yangu chumbani kukiwa kimya sana huwa nawasha redio. Sidhani mtu yeyote anatakiwa kukaa vile. Lakini pia sisemi tena, kama nilivyosema zamani, kwamba seli zile zingebomolewa zote. Nyanya angeuawa wodini. Mtoto yule angeambukizwa. Wewe ulinifundisha kuuliza swali dogo kuliko hilo: huyu yuko hapa kwa nini, mpaka lini, na nani atamfungulia leo? Ni swali ninaloliuliza hata nikisikia mtu amemfungia mkewe ndani, au mgonjwa wa akili amefungwa kamba nyuma ya nyumba. Mara mbili nimeshakwenda kwa chifu kwa sababu ya swali hilo. Mara moja nilifukuzwa. Mara ya pili kamba ilikatwa.

Kwa hiyo, mama, nasema asante. Si kwa ile saa ya nje, hiyo ilikuwa haki yangu, nimekuelewa. Nakushukuru kwa matofali, ambayo hakuna sheria iliyokuambia uyabomoe. Nakushukuru kwa kupoteza kituo chako kwa ajili ya mwanamke wa Mfangano usiyejua hata lugha yake. Na unisamehe kwa lile neno nililokuita nikiwa mlangoni. Nimelijutia kila mwaka.

Jambo moja la mwisho. Mwezi uliopita duka la vitambaa lilileta kitambaa kizito cha rangi ya zambarau, cha maua madogo meupe, na mikono yangu ikakikata kabla sijaamua ni cha nani. Ni gauni lako. Mabega nimeyapima kwa kukumbuka, mapana, na urefu nimeukisia kwa jinsi ulivyohitaji benchi. Limening'inia dukani, wateja wanaliomba nawaambia lina mwenyewe. Mapindo ya ubavuni nimeyaacha makubwa, ili kama umenenepa au umekonda nilirekebishe papo hapo ukiwa umekaa. Ukifika stendi ya Migori uliza fundi Akinyi, utaonyeshwa. Njoo ulijaribu.

Binti yako wa Karungu,
Akinyi